Mupepo, vantilateri na mbabula: tunaogopa nini usiku?

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi watu hawalali vizuri. Mvua bado haijashika, mabati yanabeba joto mchana kutwa, na hata saa nne za usiku ukigusa ukuta utaona bado uko moto. Ni katika mwezi kama huo, miaka michache iliyopita, mke wangu alizaa mtoto wetu wa nne, na mama mukwe akapanda treni kutoka Kamina kuja kumsaidia, sawa vile desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimenunua vantilateri ndogo ya meza. Nikaiweka juu ya kabati ya chumba chao, nikaiwasha. Usiku wa kwanza mama mukwe akaizima. Usiku wa pili nikaiwasha, akaizima tena. Usiku wa tatu akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha ili nami nisikie kule saloni:

«Mwambie bwana yako, mupepo ya mashini haiko mupepo ya Mungu. Itaingia mu mutoto, itamuua.»

Kwa sisi Waluba mwanaume hajibizani na mama wa mke wake. Kuko heshima ya buko: macho chini, maneno yapite kwa mke. Basi nilinyamaza, na vantilateri ikakaa imezimwa mpaka mvua zikaja. Lakini kichwani sikunyamaza. Mimi ni mwalimu wa historia. Nikisikia mtu anaogopa kitu ambacho babu yake hakukijua, nauliza woga ule umetoka wapi. Mama mukwe alizaliwa kijijini ambako hakuna waya hata mmoja wa kuran. Ni nani alimfundisha kuogopa vantilateri?

Chama chetu kiliponiomba makala juu ya desturi za nyumba, nikaona nijibu swali hilo. Nasema mapema kwamba jibu lake halikunipa heshima, na msomaji ataona mbele kwa sababu gani.

Tuanze na neno lenyewe. Vitabu vinaandika upepo. Sisi hapa Katanga tunasema mupepo. Watu wa Kinshasa, katika Lingala, wanasema mopepe. Waluba wa Kasai wanasema cipepele. Mzizi ni mmoja, ule wa kupepea, na wa kupepeta pia: mama anapepeta mchele juu ya ungo, maganda yanakwenda, chakula kinabaki. Kiswahili kina neno jingine la jamaa hiyo, pepo, maana yake roho isiyoonekana inayoweza kumpanda mtu. Na katika Kikongo neno mpeve linabeba maana mbili, upepo na roho, mpaka Wakristo wa kule wanamwita Roho Mtakatifu kwa neno hilo hilo, Mpeve ya Nlongo. Kwa hiyo wazee wetu walipotaja upepo hawakutaja hewa tupu. Walitaja kitu kinachotembea, kinachoingia, kinachoweza kuchukua au kuleta. Mama mukwe alipotenga mupepo ya mashini na mupepo ya Mungu alikuwa anazungumza lugha ya zamani sana.

Desturi za kumficha mtoto mchanga zinatoka hapo. Katika kabila zetu nyingi mtoto hatoki inje mpaka kitovu kikatike. Utosi wake unafunikwa. Mtu aliyetoka safari ya usiku haingii moja kwa moja kumbeba. Vijana wanacheka, lakini tusiharakishe kucheka. Mtoto wa siku tano hawezi kujitunzia joto la mwili wake, na mgeni wa usiku anaweza kumletea kikohozi. Wazee hawakujua vijidudu, lakini walijua kuhesabu makaburi madogo.

Na nyumba yenyewe ilikuwaje? Katika sehemu kubwa ya Katanga ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, mlango mmoja wa chini, dirisha hakuna au tundu tu. Moto ulikuwa ndani, usiku kucha. Moto ule ulipasha joto, uliangazia, ulifukuza mbu, ulikausha mahindi yaliyotundikwa juu. Moshi ulipanda, ukatafuta njia yake katika nyasi za paa. Ukipita asubuhi na mapema mbele ya nyumba kama hiyo utaona paa lote linatoa moshi, kama chungu kinachotokota. Naomba msomaji ashike picha hiyo, tutairudia: nyumba isiyo na dirisha, lakini inayopumua kwa paa na kwa nyufa za ukuta.

Sasa tufike kwa wazungu. Watu wengi wanafikiri wao ndio walioleta sayansi na sisi tulikuwa na hofu. Kwa upande wa hewa ya usiku mambo hayakuwa hivyo. Hofu yao ilikuwa sawa na yetu, labda kubwa zaidi. Malaria ni neno la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Palu tunayoitaja kila siku inatoka kwa neno la Kilatini la bwawa. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliamini kwamba usiku hewa chafu inapanda kutoka matope ya mabwawa, inaingia madirishani na kuua. Wagonjwa walifungiwa ndani na mapazia. Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyefundisha kazi ya uuguzi, ilimbidi mwaka 1859 aandike kitabu kuwagombeza watu waliofunga madirisha kwa kuogopa hewa ya usiku, maana kwake hewa iliyofungiwa chumbani na mgonjwa ndiyo ilikuwa mbaya. Hata hivyo wazungu waliokuja Afrika walibeba hofu ile katika masanduku yao. Waganga wao waliwashauri kuvaa mukaba wa flaneli tumboni, katika nchi ya joto namna hii, ili upepo usiwapige matumbo.

Mwaka 1880, kule Constantine katika Algeria, munganga Mfaransa Alphonse Laveran aliona mdudu wa malaria ndani ya damu. Mwaka 1897, katika Uhindi, Ronald Ross alimwona ndani ya mbu. Hewa mbaya ilikuwa imeshindwa kesi. Elisabethville, mji wetu huu, ulianzishwa mwaka 1910, miaka 13 baada ya Ross, na bado hofu ya usiku ilichora ramani yake. Wakubwa wa mji waliacha eneo tupu, mita mia kadhaa, kati ya mji wa wazungu na cité ya Weusi, ile iliyoitwa Albert na leo Kamalondo. Walisema mbu aliyemuuma Mweusi asifike kumuuma mzungu katika usiku mmoja. Mchana boyi aliruhusiwa kuvuka eneo hilo kupika na kufua. Usiku arudi kwake. Wanafunzi wangu nikiwaeleza hii wanauliza kama mbu alikuwa na kibali cha kuvuka.

Lakini hofu ya mupepo hapa Katanga ina chanzo kingine, na hicho naona ni kizito kuliko vyote, kwa sababu kiliwekwa na vifo vya kweli. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1200. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, joto linashuka chini ya digri 10. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, ikawatafuta mbali: Lomami, Maniema, Kasai, Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kuanzia 1925 Rwanda na Burundi. Fikiri kijana wa Maniema, aliyezoea nchi ya joto na misitu, anashushwa kwenye kambi mwezi wa sita, analala na wenzake wengi katika nyumba ndogo, blanketi moja, chakula ambacho hakijui. Katika miaka ile ya kwanza nimonia ilikuwa kati ya wauaji wakubwa wa makambi. Mwaka 1918 ikaongezeka grippe ile kubwa iliyozunguka dunia, ikapanda na reli kutoka kusini.

Watu walioona ndugu zao wanakufa vile walisema nini? Walisema: baridi imewaua, mupepo umewaingia kifuani. Siwezi kuwalaumu. Leo tunajua nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu vinapenda watu waliosongamana katika hewa iliyofungwa, waliochoka, wenye njaa. Baridi inamdhoofisha mtu, ndiyo, lakini mupepo haukuwa muuaji. Mara nyingi upungufu wa mupepo ndani ya nyumba zile ulisaidia kuua. Kampuni yenyewe ilielewa kwamba kifo cha mfanyakazi ni hasara, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza siasa: wafanyakazi wakae na wake na watoto, nyumba za matofali, lopitali, mama wapimiwe watoto. Kiisha kukawa foyer social, ambako wanawake walifundishwa kushona, kupika, kuosha mtoto kizungu. Wazungu wale walikuwa na woga wao wa zamani wa upepo unaopita kati ya dirisha na mlango, na Mbeleji mpaka leo anauogopa, mutazame kwenye basi. Basi mama wa kambi alisikia mambo mawili yanayofanana: nyanya yake anamwambia mupepo unabeba roho, na mama wa kizungu anamwambia mupepo unabeba ugonjwa. Mtu akisikia neno moja kwa mashahidi wawili ambao hawapatani, ataacha kuliamini namna gani? Mama yake mama mukwe aliishi miaka kadhaa katika kambi ya Kipushi kabla ya kurudi kijijini. Hapo nilipata nusu ya jibu langu.

Vantilateri yenyewe ni mgeni wa karibuni. Kabla yake kulikuwa panka ya Uhindi: kitambaa kikubwa kimetundikwa darini, mtumishi amekaa inje anavuta kamba ili bwana apate upepo. Waingereza walimwita mtumishi huyo kwa neno lao, na neno hilo likaingia Kiswahili cha pwani kuwa pangaboi. Katika kamusi mpaka leo pangaboi ni mashini ya kuleta upepo. Mtumishi amesahauliwa, jina lake limekuwa la chombo. Vantilateri ya kuran ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1880. Kwetu kuran kubwa ilikuja na barrage ya Mwadingusha, juu ya mto Lufira, mwaka 1930, lakini ilijengwa kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya usingizi wa mtu. Kwa muda mrefu vantilateri ilikuwa kitu cha bilo, cha hoteli, cha nyumba ya mzungu. Waya mrefu wa Inga ulipofika Kolwezi mwaka 1982, zaidi ya kilomita 1700, nao ulifuata shaba. Katika nyumba zetu za cité vantilateri imeenea tu pale vitu vya bei nafuu vya Asia vilipoanza kujaa sokoni. Ndiyo maana hakuna mithali ya wazee juu yake. Hofu ya zamani ilikuwa inatembea bila mahali pa kukaa. Ikakuta chombo kinachozaa mupepo ndani ya chumba, ikakaa.

Hatuko peke yetu. Mfano ulio wazi zaidi uko Korea ya Kusini, nchi ya wasomi na viwanda. Kule watu wengi wameamini kwamba ukilala na vantilateri, milango na madirisha yamefungwa, unaweza kukutwa asubuhi umekufa. Magazeti yao yaliandika juu ya hatari za chombo hicho tangu miaka ya 1920. Vantilateri nyingi za kule zinauzwa na saa ndogo ya kuizima yenyewe mtu akisinzia. Na mwaka 2006 ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi ilihesabu vifo vya watu waliolala na vantilateri au klimatizeri kati ya ajali za joto, ikitaja kesi 20 kati ya 2003 na 2005. Wengine walisema inamaliza hewa, wengine inagandisha mwili, wengine inakata pumzi puani.

Tuchunguze kesi kama hizo sawa vile hakimu angefanya. Ni mwezi wa joto kali. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo analala peke yake, madirisha yamefungwa, vantilateri inazunguka. Asubuhi amekufa. Polisi wanaingia, wanakuta maiti na chombo kinachozunguka. Joto lenyewe halionekani. Moyo wa mzee hauonekani. Kinachoonekana na kusikika ni vantilateri, basi shahidi anafungwa gerezani mahali pa muuaji.

Kwa kweli mashini hii inafanya nini? Haimalizi hewa. Haichomi kitu chochote, inasukuma tu hewa iliyomo. Haipozi chumba pia; motere yake inaongeza joto kidogo sana. Inachofanya ni kupitisha hewa juu ya ngozi ili jasho likauke haraka, na jasho likikauka mwili unapoa. Ni kazi ile ile ya mama anayempepea mtoto na kipande cha kartoni kwenye foleni ya lopitali, na sijawahi kusikia mtu anamwambia mama huyo kwamba anaua. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaonya tu kwa nchi ambako joto linapita digri 40: pale hewa inayosukumwa ni moto kuliko mwili, na vantilateri inampasha mtu mahali pa kumpoza. Lubumbashi haifiki huko. Kalemie, Uvira na Kindu wanapata shida ya unyevu na jasho, lakini digri 40 si hali yao ya usiku.

Kuhusu mtoto mchanga, nilisoma jambo lililonishangaza. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha uchunguzi juu ya watoto wanaokufa ghafula usingizini bila sababu kujulikana. Walipolinganisha nyumba zilizopata msiba na nyumba nyingine, waliona kwamba pale ambapo vantilateri ilikuwa inazunguka chumbani hatari ilikuwa ndogo zaidi, pungufu kwa asilimia 72. Uchunguzi mmoja hautoshi kutoa hukumu, na munganga yeyote atakwambia kwamba kumlaza mtoto chali kunasaidia kuliko mashini. Lakini angalau hauendi upande wa mama mukwe. Tena mbu ni mruka dhaifu. Upepo wa vantilateri unamsumbua kufika kwenye ngozi. Moustikere isiondolewe kwa sababu hiyo, kwani kuran ikikatika saa nane za usiku mbu hatakata.

Makosa yake madogo nayo yapo. Hewa ikimpiga mtu usoni usiku kucha, koo na pua vinakauka, na shingo inaweza kuamka imekaza. Mapanga yasipopanguswa yanatupa vumbi, na mwenye asma atakohoa. Mtoto anayetambaa ataingiza kidole. Hatari kubwa zaidi kwetu haiko katika upepo, iko katika waya: nyaya zilizounganishwa kwa plastiki ya sachet, prise moja inayolisha nyumba tatu, kuran inayorudi kwa nguvu baada ya siku mbili na kukuta motere ya vantilateri imekwama. Moto unaanzia pale. Mtu anayetaka kuogopa vantilateri aogope mkia wake.

Hayo yote niliyajua, ndugu msomaji, au karibu yote, mwaka ule. Nilikuwa nayasema kazini kwa wenzangu, tunacheka. Mama mukwe alirudi Kamina mwezi wa kumi na mbili, akaja tena mwezi wa saba kumwona mjukuu, na baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Mtoto alikuwa na miezi tisa, anakohoa. Kuran ilikuwa imekatika siku ya tatu. Jioni ile, kiisha kupika, mbabula ilibaki na makala nzuri, nyekundu, hakuna hata moshi. Sikutumwa na mtu. Niliibeba kwa mikono yangu mwenyewe mpaka chumbani walikolala mke wangu, mtoto na mama mukwe. Nikafunga dirisha. Nikasukuma kitenge cha zamani chini ya mlango ili mupepo usiingie. Mimi nikaenda kulala saloni na watoto wakubwa.

Karibu na saa nane za usiku nilisikia kitu kimeanguka kwenye korido. Ni mke wangu. Alikuwa ameamka kwenda inje, akafungua mlango, miguu ikakataa. Alikuwa anatapika, anasema kichwa kinapasuka. Nilipoingia chumbani mama mukwe alikuwa anaongea maneno yasiyoshikana, na mtoto nilipomwinua shingo yake ililegea kama kitambaa. Tuliwatoa wote uwanjani, kwenye baridi ile ile niliyoikimbia. Jirani mwenye gari aliamka. Lopitalini munganga wa zamu hakuanza na homa wala kikohozi. Aliuliza swali moja tu: «Mulilala na mbabula?»

Wamepona wote watatu. Mtoto alipewa oksijeni mpaka kesho yake. Munganga alituambia kwamba kila mwezi wa sita na wa saba anapokea nyumba kama yetu, na nyingine hazifiki kwake, zinapelekwa moja kwa moja morgue. Kwenye avenue yetu wenyewe, miaka ya nyuma, tulizika nyanya na wajukuu wawili waliokutwa vile asubuhi, na kwenye matanga watu walitaja uchawi. Nilikuwapo, sikufungua kinywa.

Basi hii ndiyo historia niliyokuwa siioni. Makala ikiwaka mahali ambapo hewa ni kidogo inatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoozi. Mfaransa Claude Bernard alionyesha tangu miaka ya 1850 jinsi inavyoua: inakaa katika damu mahali pa oksijeni, na damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu anasinzia zaidi, haamki. Wazee walilala na moto karne nyingi, nami mara nyingi nimesikia hoja hiyo: mbona wao hawakufa? Rudi kwenye picha ya paa linalotoa moshi asubuhi. Nyumba yao ilipumua kwa nyasi. Moto wao ulikuwa wa kuni, na kuni zina moshi unaokohoza na kukuamsha. Moshi ule uliwaharibu macho na mapafu pole pole, hilo si dogo: OMS inahesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majiko ya nyumbani iliua watu milioni 3,2 duniani. Lakini ulitoa taarifa.

Mji ulibadilisha mambo matatu pamoja. Matofali, sima na mabati viliziba nyumba. Kuni zilikwenda mbali, ikaja makala, nyepesi kubeba kwa gunia, isiyo na moshi. Na mafundi wa bati wakatengeneza mbabula, jiko linalobebeka; Zambia wanaita mbaula, Afrika ya Kusini imbawula, inaonekana jina lenyewe lilisafiri njia ya migodi. Tulichukua moto wa nyumba inayopumua, tukaondoa moshi uliokuwa unatuonya, tukauingiza katika nyumba iliyozibwa. Kisha, kwa sababu ya hofu ya zamani ya mupepo, tukaziba na chini ya mlango. Hakuna babu aliyetuachia desturi hiyo. Umri wake ni umri wa mji huu.

Mama mukwe aliporudi kutoka lopitali alimwambia mke wangu kwamba mtoto alipigwa na mupepo ya usiku, pale tulipomtoa inje. Niliogopa kwamba hatutaelewana kamwe. Sikuweza kumjibu mimi. Nilimwomba ndugu yake mdogo, mjomba wa mke wangu, aliyekuwa infirmier kule Likasi, aje amweleze. Alikaa naye mchana mzima chini ya mti wa avoka. Hakumwambia kwamba wazee walikosa. Alimwuliza kuhusu nyumba ya mama yake, paa lilikuwa la nini, moshi ulipita wapi. Mwenyewe alianza kueleza, akaeleza vizuri kuliko mimi katika ukurasa huu, akafika kwenye paa, akanyamaza.

Kwa upande wa vantilateri hakugeuka kabisa. Mwezi wa kumi uliofuata tulifanya mapatano: inawaka, lakini imegeuzwa uso kwa ukuta, ili hewa irudi kwa mtoto ikiwa imechoka. Anasema kama haimutazame mutoto, haina neno. Nami sioni ubaya wake. Hewa inatembea, koo halikauki.

Mwaka huu alifika tena mwezi wa sita. Usiku wa kwanza wa baridi nilikuwa saloni nasahihisha karatasi za wanafunzi, nikamsikia anamwita mke wangu, kwa sauti ile ile ya kunifikia:

«Mwambie bwana yako, mbabula iko inje?»

Nikajibu kupitia mke wangu kwamba iko inje, na kwamba dirisha nimeliacha wazi kidogo.